Bilauri ya Bi Mwanatumu

Katika zama hizo, mrithi wa mali hakuruhusiwa kuitoa hata kwa jambo la kheri mpaka kila aliyedhulumiwa kwa mali hiyo atamke mbele ya pete ya urithi iliyo kidoleni mwa mrithi: “Nimekuhalalishia.” Haitham, kijana tajiri wa miaka ishirini na minne, alikwisha kuhalalishiwa na nyumba mia tatu. Ilibaki ya Bi Mwanatumu, ambaye mwanawe aliuawa na maji ya kisima kilichotiwa sumu na kiwanda cha baba yake Haitham. Bila neno lake, mabomba ya maji safi yangelala ghalani.

“Hodi, mama.”

“Karibu, mwana wa kiwanda. Leo umekuja na hotuba au na kiu?”

“Nihalalishie, mama, mtaa mzima upate maji.”

“Kunywa kwanza.”

Akamjazia bilauri maji ya kisima kile kile, kama alivyofanya kwa siku thelathini na tisa. Haitham akanywa hadi tone la mwisho, midomo yake imekwisha kubabuka. Bi Mwanatumu akalitazama koo lake likipanda na kushuka, na roho yake ikaburudika kama asubuhi ya Idi.

“Rudi kesho.”

Kijana alipoondoka, Salha, mjane wa marehemu, akatoka chumbani akiishikilia mimba yake ya miezi minane.

“Mama, maji yamebaki? Kiu imenishika.”

Hapakuwa na maji mengine nyumbani, wala mtaani. Bi Mwanatumu akaisuuza bilauri, akammiminia mkwewe, na safari hii hakuthubutu kulitazama koo.