Wimbo wa Msiba

Kwa miaka tisa Dakta Sauda alikuwa akinakili nyimbo za baragumu la mji ule, noti kwa noti. Ilibaki moja tu, ya msiba, na mpulizaji wa mwisho, Mzee Famau, alikuwa amepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande.

Sauda alikaa kando ya kitanda chake, akifungua daftari na kulifunga, kinasa sauti kikinasa kimya kitupu.

"Niimbie hata kwa kuguna, Babu," alimsihi.

Mzee akamsukumia baragumu. "Puliza wewe."

"Mimi mtafiti tu, Babu. Sijawahi."

"Miaka tisa!" Mzee akamkodolea macho. "Puliza, mjukuu wangu."

Sauda akaliweka daftari sakafuni. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mzee akaanza kumgongea gotini kwa kidole, taratibu, naye akafuata: mlio mrefu, mfupi, mrefu. Ghafla sauti ikatoka, nzito, ikajaa chumba kizima. Aliogopa, lakini hakuacha.

Nje milango ikaanza kufunguka. Wanawake wakatoka mbio wakijitanda kanga, wakiulizana ni nani aliyefariki.