Mlolongo wa Nungunungu

Zamani wanyama walipochagua mbunge, kila mmoja alisimama nyuma ya mgombea anayemtaka, na mwenye mlolongo mrefu akashinda.

Nungunungu, askari mstaafu aliyewapiga fisi mpaka wakahama, aligombea dhidi ya Kindi, ambaye vita alivisikia akiwa juu ya mti. Kila nyumba ilimwahidi Nungunungu kura.

Siku ilipofika alisimama kikakamavu, macho mbele. Akasikia hatua nyuma yake. Vitani, ajaye kwa nyuma alikuwa adui. Miiba ikasimama yenyewe.

“Ni mimi, afande,” alisema Kanga, jirani yake. “Nimekuletea kura. Laza miiba nisogee.”

“Najaribu, Mama Kanga. Hainisikii.”

“Lakini vita vimekwisha.”

“Mimi najua. Yenyewe haijui.”

Kanga alingoja mpaka jua likamchoma. Miiba ilipolala hatimaye, Nungunungu aligeuka kumshukuru. Hapakuwa na mtu, ila nyayo za Kanga zikielekea kwenye mlolongo wa Kindi.

Ndiyo maana hadi leo nungunungu hutembea peke yake, na ukimfuata kwa nyuma husimama akatikisa miiba, asijue kama wewe ni adui au ni mpiga kura wake.