Salamu ya Kwenye Foleni

Heri nesi angejikwaa kidole kuliko ulimi. Zamu ilikuwa imemchosha mpaka akasahau yuko wapi.

"Shikamoo, Bi Khairiya."

Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika pale Temeke ikageuka. Mtaa mzima ulijua nesi yule anafanya kazi kliniki ya wagonjwa wa akili.

Bi Khairiya hakuitika. Vidole vyake vilikuwa vikisokota ukili wa kikapu, kama alivyokuwa akisokota ncha ya kanga kule kliniki kabla hajaanza kulia.

Kando yake alisimama mama wa kijana aliyemchumbia binti wa Bi Khairiya. "Huyu mgeni wangu, katoka Buguruni leo asubuhi," alisema taratibu. "Mnajuana wapi?"

Nesi angesema amemfananisha, lakini jina lilishamtoka. Alimtazama mumewe, aliyekuwa mbele, karibu na kaunta.

"Mwaka jana mimba yangu iliharibika," alisema. "Yeye ndiye aliyenikanda."

Mimba iliharibika kweli. Ila aliyemkanda alikuwa mwingine, na nyumbani hakuna aliyeambiwa habari ya mimba hiyo.

"Marahaba, mwanangu," Bi Khairiya aliitika.

Kule mbele, mume wa nesi aligeuka na mfuko mtupu mkononi.

"Mimba ipi?"