Fundo la Mrija

Lwitiko alivuta mrija mpaka mashavu yakabonyea, akameza mate, akapangusa midomo. Hakikupita hata tone. Jana alikuwa ameukata mwenyewe kijitoni, akaacha fundo moja bila kulitoboa kwa waya wa moto.

Angefanyaje? Leo alikuja kuposa. Kwa kina Tulinagwe, mchumba akikataa kimpumu cha wakweze, pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mrija, amemkataa na binti. Naye akionja tu, basi, kwisha habari yake. Alijijua.

Mbozi nzima ilimjua pia. Alirudi kutoka machimbo ya Saza akiwa mlevi wa kuokotwa njiani. Siku ya kumzika baba yake alilala fofofo kando ya chungu cha pombe, majembe wakashika wengine. Aibu ile haikumtoka. Baba yake mdogo, Asajile, ndiye aliyemchukua, akamfungia ndani alipokuwa anatetemeka. Na wale aliokuwa akinywa nao, kina Osea, wakawa wanampitia kila jioni wakapalilie kahawa pamoja, asibaki peke yake na kiu yake.

Hao hao ndio walioandamana naye leo, naye anawadanganya mchana kweupe. Walikuwa wamekizunguka chungu kimoja, kimefunikwa kwa majani ya mgomba, kila mtu na mrija wake. Mzee Hezron, baba wa binti, alikaa katikati yao, naye anavuta. Mirija ya wenzake Asajile ndiye aliyeikata alfajiri ile. Waya wake wa kutobolea Lwitiko aliuona jikoni kwao walipokuwa wanaondoka, baridi, una vumbi.

"Mbona leo hamwimbi?" aliuliza Ruti, shangazi wa binti, akipita.

"Safari imetuchosha, mama," alisema Osea kwa adabu kubwa.

Ruti akaenda zake kuchochea moto. Maji ya moto hayakosekani penye kimpumu, kwa kuwa chungu kikipungua huongezwa.

Jua lilipopinduka, Mzee Hezron akamkazia macho kijana. "Mkwe, kimpumu chetu unakionaje?"

Angesema kitamu, yakaisha. Akawatazama wale waliomwokota njiani, uso ukamwaka kwa haya.

"Sijui, baba. Mrija wangu umeziba, nimeuziba mwenyewe. Mimi pombe ilinishinda, nikaiacha. Nimewavunjia heshima. Nisameheni."

Akaulaza mrija chini, akainuka aende zake bila mke. Asajile alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Osea alikohoa.

"Keti," alisema mzee, kisha akageuka. "Ruti, lete hayo maji. Wanaume tumenyonya tangu asubuhi."

Ruti akaja na birika, akayafunua majani, akamimina. Maji ya kwanza tu yakafurika ukingoni, yakachirizika mpaka mkekani. Chungu kilikuwa kimejaa vilevile kama alivyokileta; hakuna aliyekuwa amenyonya, hata mzee mwenyewe.