Sahani Ndani ya Pipa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na maji ya hori la Jomvu Kuu, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, yakageuka rangi ya chai ya maziwa.

Mweri, mpiga mbizi, alijaza pipa maji hayo ya tope, akalaza sahani nyeupe ndani, kwenye kitako chake. Tochi ambayo ingeionyesha sahani ndiyo angeshuka nayo kumtafuta Thoya, aliyezama na mtumbwi wa kubebea mchanga Jumanne. Tangu hapo kila tochi aliyoazima ilishindwa na giza la huko chini.

Nyamvula, mama yake Thoya, aliinama juu ya pipa, leso begani. Kila asubuhi alikuja, akauliza maswali kama fundi.

Tochi ya kwanza ilikuwa kubwa, ya mwanga mpana. Ilimulika tope lenyewe, sahani ikapotea kama barabara ndani ya ukungu. Ya pili ilikuwa ndogo, kuukuu. Mwanga wake haukufika hata nusu ya pipa. Nyamvula akauliza mara mbili kama haina nguvu zaidi ya hapo. Mweri akasema haina.

Ya tatu ilitoa mwanga mwembamba, wa manjano. Ukapenya. Sahani ikaonekana mpaka ukingo wake uliobanduka rangi.

“Hii ndiyo,” Mweri akasema.

Mramba, ami yake Thoya, akashusha pumzi. Wazee walikwisha kukata shauri: Thoya asipoopolewa leo, jioni utazikwa mgomba badala yake, kama ilivyo ada. Akamtania Bonface, mshika kamba kutoka Machakos, kwamba asisinzie, maana watu wa bara wakiona maji hujifanya wamelala. Bonface akajibu kwamba usingizi huo kafundishwa na Wapwani. Watu wakacheka kidogo, kisha wakamkumbuka mama.

Nyamvula akazichukua tochi aziombee, kama siku zote. Alifumba macho, akamsihi Mungu amlinde mwanawe popote alipo, amwonyeshe njia ya kurudi nyumbani. Watu wakaitikia amina. Kisha akamsindikiza Mweri, wao wawili tu, mpaka ukingoni mwa maji.

Alichomtolea ndani ya leso kilikuwa ile tochi ndogo.

“Mama, hii haitanionyesha hata mkono wangu.”

“Najua, mwanangu.” Hakumtazama. “Jana nilimfunikia chakula chake. Ukinitolea maiti, kesho nitamfunikia nani?”

Nyuma yao Mramba alikuwa akiuliza kama wako tayari.

Mweri aliifumbata tochi kiganjani, akawageukia watu, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote:

“Naahidi mbele yenu nyote, nitashuka na tochi aliyonichagulia mama.”