Kitufe Chekundu

Bingwa wa darasa alibonyeza kitufe chekundu huku macho yake yakiwa dirishani.

Kishikwambi kikalia kwa furaha: sahihi. Mwalimu akaganda. Maswali yote ya mchezo huu wa ufahamu aliyatunga yeye, mbiombio, na kila mara jibu la kweli aliliweka kwenye chekundu. Muhula mzima watoto walikuwa hawasomi hadithi. Walikuwa wanabonyeza rangi.

Nyuma kabisa, binti waliyembatiza Konokono, wa mwisho kila mchezo, bado alikuwa ameiinamia hadithi. Kidole chake kilitembea polepole chini ya mstari, ukucha umetafunwa hadi nyamani.

Asubuhi ile ile mwalimu alikuwa amemwambia mama wa binti huyo bila kupepesa macho, "Mwanao haelewi anachosoma. Arudie darasa." Mama aliinamisha kichwa, akashukuru.

Mwalimu akachuchumaa kando ya dawati lake.

"Mwanangu, mbona hubonyezi?"

"Jibu ni chekundu, mwalimu, najua," binti alinong'ona, kidole hakijatoka kwenye mstari. "Ila nataka kwanza kujua kwa nini bibi wa kwenye hadithi hakufungua mlango."