Alale au Asilale

Kipupwe kilipoingia, kobe aliacha kula. Kila mwaka mume wa Tusekile, Baba Lugano, ndiye aliyempima kwa kiganja. Akiwa mzito, hufukiwa kwenye boksi la udongo na majani makavu, alale hadi joto lirudi. Akiwa mwepesi, hukaa jikoni karibu na moto, maana kobe aliyekonda akilala haamki. Lakini tangu apigwe na kiharusi, Baba Lugano hakuwa na kauli, na mkono uliobaki na uhai kidogo ulikuwa wa kushoto.

"Kobe ana usingizi, wewe wamkokea moto kama mkwe aliyekuja kutembea!" Jirani yake Tusekile, Mama Ambwene, alicheka mlangoni pa jikoni. "Mfukie tu, shoga."

"Na asipoamka?"



Tusekile alikwisha kumpima mwenyewe mara tatu: mara moja alimwona mzito, mara mbili mwepesi. Akamweka kobe kwenye kile kiganja cha kushoto cha mumewe.

"Baba Lugano, alale?"

Vidole vilijikunja polepole, vikalikamata gamba kama vya mtu anayening'inia. Tusekile alipotaka kumchukua kobe ampeleke kwenye boksi, havikuachia.